Safu ya Bustani: Deizi za Afrika, Jua Tele na Maji kwa Kiasi

Tangu masika yalipokwisha, barua zinazohusu deizi za Afrika zimekuwa nyingi kuliko za maua mengine yote, na malalamiko yake yanafanana: mche umeoza, ua limekataa kufunguka, rangi imebadilika. Tumechagua barua chache zinazowakilisha nyingine, tukazifupisha kidogo kabla ya kuzijibu.

SWALI: Mhariri, pongezi kwa kazi. Nilinunua miche mitatu kwa muuza miche wa kando ya barabara hapa Lushoto, na yote aliniambia ni deizi ya Afrika. Wa kwanza una maua meupe yenye kitovu cha buluu iliyokoza. Wa pili una maua ya manjano yenye milia ya kahawia, na majani yake ni meupe upande wa chini. Wa tatu hutoa ua moja kubwa jekundu kwenye bua refu lisilo na jani hata moja. Niliipanda yote katika tuta moja na huimwagilia kila jioni. Wa tatu umekufa, na wa kwanza hufumba maua yake kila kunapokuwa na mawingu. Je, ni ugonjwa, na utahamia kwa ule wa pili? (Msomaji, Lushoto)

JIBU: Muuza miche hakukudanganya, ila alikuuzia kwa jina moja mimea mitatu ambayo haitunzwi kwa namna moja. Mche wako wa kwanza ni ule ambao pakiti nyingi za mbegu huuandika Osteospermum. Wataalamu wa mimea siku hizi wanaiweka spishi yake, ecklonis, katika jenasi ya Dimorphotheca, kwa hiyo usishangae ukiyakuta majina yote mawili. Asili yake ni pwani ya Eastern Cape, Afrika Kusini. Wa pili ni gazania, ambayo pia ni ya Afrika Kusini na imezoea ardhi ya kichanga na vipindi virefu vya ukame. Weupe unaouona chini ya majani yake ni manyoya laini yanayousaidia mmea usipoteze maji. Wa tatu, uliokufa, ni gerbera, ua ambalo wauza maua wa mijini hulifunga katika mashada. Gerbera hizi za bustanini zimetokana hasa na spishi ya Gerbera jamesonii, inayotoka eneo la Barberton katika jimbo la Mpumalanga na kuitwa hivyo kwa heshima ya Robert Jameson, aliyeikusanya huko katika miaka ya 1880. Zipo pia gerbera za porini katika nyanda zetu za juu, kama Gerbera viridifolia, ingawa maua yake ni madogo na watu huzipita bila kuzitazama.

Mimea yote mitatu ni ya ukoo mmoja na alizeti. Kile unachokiita ua kwa kweli ni mkusanyiko wa maua mengi madogo: yale ya pembeni yana ulimi mrefu tunaouona kama petali, na yale ya katikati yamesongamana kuwa kitovu. Jambo hili lishike, kwa sababu litatusaidia katika barua ya msomaji wa Limuru inayofuata.

Kufumba kwa ua si ugonjwa. Deizi nyeupe na gazania hufunguka kwa jua na hujifunga jioni, usiku, na wakati wa mawingu mazito, na kwa kufanya hivyo huilinda chavua isiloane katika saa ambazo wadudu wachavushaji wengi hawatembei. Hakuna dawa wala mbolea itakayolibadilisha hilo. Baadhi ya aina mpya zilizoboreshwa hukawia kufumba, lakini msomaji anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi giza likiingia angefanya vyema kupanda gerbera, ambayo ua lake hubaki wazi mchana na usiku, kuliko kupanda deizi ambazo ni majirani tu watakaozifaidi.

Sasa tuje kwenye kifo cha gerbera yako. Ung'oe mche huo utazame pale majani yanapoungana na mizizi, yaani kwenye moyo wa mmea. Ukivuta jani moja likachomoka bila kukataa, na shina lake likawa na rangi ya kahawia, laini na lenye utelezi, basi mmea uliozwa na vimelea vya udongoni vya jamii ya Phytophthora, ambavyo hustawi penye maji yaliyotuama. Gerbera huota majani yake yote kutoka kwenye moyo huo, na moyo ukifukiwa, au maji yakilala juu yake usiku kucha, hausalimiki. Mche mpya usiupande katika shimo lile lile. Chagua mahali pengine, inua tuta sentimita 20 hivi juu ya usawa wa bustani, changanya udongo na mchanga wa mtoni pamoja na mboji iliyooza vizuri, kisha panda moyo wa mmea ukiwa juu kidogo ya udongo. Machoni utaonekana kama mche uliopandwa na mtu mvivu, na hivyo ndivyo unavyotakiwa uwe. Mwagilia asubuhi, kando ya mmea wala si juu ya majani. Gerbera haina kinyongo na kivuli chepesi cha alasiri. Zile mbili nyingine zinataka jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku, na gazania inataka maji machache kuliko zote. Ingiza kidole katika udongo hadi kiungo cha pili: ukikuta unyevu, weka ndoo chini.

SWALI: Nina deizi za zambarau ambazo kila mgeni huzisifu. Nilikusanya mbegu nikapanda, nyingi hazikuota kabisa, na zile chache zilizoota zimetoa maua meupe yaliyofifia. Je, nilikosea wapi, na nifanyeje nipate nyingine za rangi ile ile? (Msomaji, Limuru)

JIBU: Barua yako ina maswali mawili, na kila moja lina chanzo chake.

Kuhusu mbegu zilizogoma kuota, inaelekea ulikusanya takataka za katikati ya ua. Katika deizi hizi za aina ya Osteospermum, maua madogo ya kitovu hutoa chavua lakini hayazai mbegu. Yanayozaa ni yale ya pembeni yenye petali. Ua likishanyauka, subiri kikonyo kianze kukauka, kisha fungua kichwa chake kwa kidole gumba: mbegu halisi utazikuta zimejipanga duara kuzunguka ukingo, ngumu na nene, na zikiiva hugeuka kahawia au nyeusi. Yale makapi mepesi ya katikati ni ya kupeperusha. Ziko deizi za mwaka mmoja, kwa mfano Dimorphotheca sinuata ya rangi ya chungwa ambayo hutandaza bonde hadi bonde huko Namaqualand kila mwezi wa Agosti na Septemba ikiwa mvua zilinyesha vizuri, ambazo huzaa pembeni na katikati pia, mbegu za pembeni zikiwa kama vijiti vyenye mikwaruzo na za katikati zikiwa bapa na zenye ukingo mwembamba kama karatasi. Deizi yako ya zambarau si ya kundi hilo.

Kuhusu rangi, aina nyingi zinazouzwa zimepatikana kwa kuchanganya mbegu za wazazi tofauti, na watoto wake hawalazimiki kufanana na mama. Anayetaka rangi ile ile atumie vipandikizi. Fanya kazi hiyo asubuhi, mmea ukiwa haujachoka na jua. Chagua tawi changa lisilo na ua wala tumba, kwa maana tawi lenye tumba hutumia nguvu zake kuchanua badala ya kutoa mizizi. Kata kipande cha urefu wa sentimita 7 hadi 10, chini kidogo ya fundo la jani, kwa wembe au kisu kilichopitishwa kwenye moto. Mkasi butu huponda shina, na penye kuponda ndipo uozo unapoanzia. Ondoa majani ya nusu ya chini. Chomeka kipandikizi katika mchanganyiko wa mchanga na mboji kwa viwango sawa, bonyeza udongo kwa vidole viwili, mwagilia mara moja, kisha weka chombo kivulini penye mwanga. Watu wengi hufunika kwa mfuko wa plastiki; ni sawa, mradi mfuko usiguse majani na ufunguliwe kila siku kwa muda, kwani hali ya hewa ya Limuru ina unyevu wa kutosha na ukungu hauhitaji kualikwa. Unga wa homoni ya kuotesha mizizi husaidia, ila kazi inawezekana bila huo.

Baada ya wiki 3 hadi 4, vuta kipandikizi taratibu sana. Kikikataa kutoka, kimeshika. Kihamishie katika kopo lake, na majani mapya yakishajaa, ukate ncha ya juu ili kitoe matawi ya pembeni, la sivyo utapata mmea mrefu wenye ua moja kileleni. Bustanini acha nafasi ya sentimita 30 hadi 45 kati ya mche na mche. Najua nafasi hiyo huonekana kubwa mno siku ya kupanda.

SWALI: Hapa Tanga nilipanda deizi za Afrika mwezi wa Juni. Zilitoa maua machache hadi Agosti, kisha zikabaki majani matupu. Majani nayo yamekuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Nimeongeza samadi mara kwa mara, hakuna mabadiliko. (Msomaji, Tanga)

SWALI: Naishi Muscat, na mke wangu anatamani deizi kama alizoziona kwao Arusha. Inawezekana? (Msomaji, Oman)

JIBU: Wasomaji hawa wawili wanasumbuliwa na joto, kila mmoja kwa namna yake.

Deizi ya Osteospermum hutunga maua hali ya hewa ikiwa ya ubaridi, na joto la mchana likizidi nyuzi 27 hivi kwa wiki kadhaa huacha kuchanua na kubaki na majani tu. Pwani yake ya asili iko mbali sana kusini mwa ikweta, wala haifanani na pwani yetu, ambako kati ya Desemba na Machi joto hupita nyuzi 30 na usiku hauleti nafuu kubwa. Kwa hiyo msomaji wa Tanga hakupungukiwa na mbolea. Samadi nyingi imezidisha majani tu, na ningependa aache kuiweka. Watu wa mwambao wanaozipenda deizi hizi wazichukulie kuwa maua ya msimu: wazipande masika yakielekea ukingoni, wazifurahie katika miezi ya kipupwe, na wasisikitike zikichoka kaskazi inapoanza kuvuma.

Umanjano wenye mishipa ya kijani ni jambo jingine. Maeneo mengi ya mwambao yana udongo uliotokana na mawe ya matumbawe, wenye chokaa nyingi, na chokaa huyafungia madini ya chuma yasifyonzwe na mizizi hata kama yamo udongoni. Dalili huanzia kwenye majani machanga ya juu. Kama umanjano ungeanzia kwenye majani ya chini yaliyozeeka, ningesema nitrojeni imepungua. Usitie majivu ya jikoni mahali hapo, kwa sababu yatazidisha tatizo. Njia ya hakika ni kupanda katika vyungu au katika tuta lililoinuliwa, ukitumia udongo ulioletwa kutoka sehemu isiyo na chokaa, uliochanganywa na mboji; mbolea ya maji yenye chuma inayonyunyiziwa majani inaweza kuyarudishia rangi kwa muda.

Mwambao una mbadala mzuri, nao ni gazania. Huvumilia joto, upepo wa chumvi na mchanga, na mizizi yake huushika udongo wa ukingo wa njia. Adui yake ni mvua za masika, kwa hiyo ipandwe kwenye mwinuko ambako maji hayalali. Akitaka maua bila wasiwasi wowote, msomaji wetu apande zinia, ambayo ni ya ukoo huo huo na inastawi kwa joto. Mimi ningekuwa Tanga ningeanza na hiyo.

Kwa msomaji wa Muscat, inawezekana, ila kwa kalenda ya huko. Miche ipandwe joto linapovunjika, kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, na itachanua majira yote ya baridi. Ifikapo Aprili au Mei itaanza kuungua, na hapo hakuna kivuli kitakachoiokoa. Chukua vyungu vyenye matundu ya kutosha, na ikiwa maji ya bomba yana chumvi, kila baada ya wiki kadhaa mwagilia kwa wingi hadi maji yatiririke chini, ili chumvi iliyojikusanya katika udongo ioshwe.

SWALI: Huku Njombe sakitu (umande ulioganda) ya Julai iliunguza gerbera zangu zote, lakini deizi za zambarau zilibaki. Nizing'oe gerbera? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Usizing'oe bado. Deizi za zambarau huhimili sakitu nyepesi, gerbera majani yake hayahimili, lakini mizizi inaweza kuwa hai. Kata majani yaliyoungua, punguza maji, na subiri joto lirudi. Moyo wa mmea ukiwa bado mgumu, utaona majani mapya. Mwaka ujao zifunike kwa gunia usiku anga linapokuwa jeupe na upepo umetulia, na uliondoe jua linapochomoza.

SWALI: Matumba ya deizi zangu yamejaa wadudu wadogo wa kijani, majani yamejikunja na yananata, na sisimizi wamefanya njia hadi juu ya mmea. Duka la pembejeo limenishauri dawa kali ambayo jirani hutumia kwenye nyanya. Pia naomba kujua kama niongeze urea, kwa sababu maua yamepungua. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hao ni vidukari, na sisimizi unaowaona wanafuata utomvu mtamu unaotoka kwa vidukari, kisha huwalinda dhidi ya wadudu wanaowala. Dawa kali haihitajiki, na juu ya maua yanayotembelewa na nyuki si jambo la busara. Kwanza yatumie maji yenyewe: shika tawi kwa mkono mmoja, elekeza mpira wa maji upande wa chini wa majani, na wengi wataanguka wasipande tena. Fanya hivyo asubuhi ili majani yakauke mapema. Waliobaki wanyunyizie maji yenye sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali kwa lita moja, ukijaribu kwanza kwenye tawi moja na kusubiri siku nzima kabla ya kuendelea. Usinyunyize jua likiwa kali, na rudia baada ya siku 5 hadi 7, kwa kuwa sabuni huua wale tu inaowagusa. Kadibodi za kuwekea mayai, magunia na mbao zilizolala jirani na tuta ziondoe. Sisimizi hufanya makao chini yake.

Urea usiiongeze, tena ningependa kujua kama ulishaiweka, kwa sababu nitrojeni nyingi hutoa matawi laini yenye majimaji, na vidukari huyapenda hayo kuliko kitu kingine. Maua ya jamii hii yametoka katika ardhi maskini. Mboji viganja viwili kwa kila mche mwanzoni mwa mvua inatosha kwa mimea ya tutani; ile ya vyunguni ndiyo inayohitaji mbolea ya maji kila baada ya wiki mbili au tatu, yenye potasiamu nyingi kuliko nitrojeni. Kupungua kwa maua kwa kawaida kunatokana na kuyaacha yale yaliyonyauka mmeani. Yakate pamoja na kikonyo chake hadi kwenye jani la kwanza, kila baada ya siku chache. Mmea usioruhusiwa kukomaza mbegu hutoa matumba mengine.

Ukiona unga mweupe juu ya majani, huo si mdudu bali ni ubwiri unga, ambao hupenda miche iliyosongamana. Punguza matawi ya ndani ili hewa ipite kabla hujafikiria dawa ya kuvu.

SWALI: Deizi zangu zina umri wa miaka mitatu. Zimetambaa hadi njiani, katikati zimebaki vijiti vikavu, na maua yako nchani tu. Je, nizikate hadi chini? Na matawi nitakayokata, naweza kuwapa mbuzi wangu? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kata, lakini si hadi chini. Deizi ya Osteospermum haichipui vizuri kutoka kwenye shina kuukuu lisilo na jani, kwa hiyo fuata kila tawi hadi uone majani mabichi ya mwisho, ukate juu yake kidogo, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja. Wakati mwafaka ni wiki chache kabla ya mvua kuanza, ili machipukizi yakute unyevu. Hata hivyo, mmea wa miaka mitatu uliobaki vijiti katikati hauna ujana mwingi mbele yake. Chukua vipandikizi kwenye ncha zake sasa kwa njia tuliyomweleza msomaji wa Limuru, na vikishika, mzee huyo ang'olewe bila majuto. Kama ungekuwa na gerbera iliyosongamana, ungeigawa: unaichimbua yote, unaitenganisha kwa kisu kuwa vipande vyenye moyo na mizizi yake, na unapanda upya.

Mbuzi usiwape. Baadhi ya spishi za Dimorphotheca zinajulikana huko Afrika Kusini kwa kuua mifugo kwa sumu ya sayanidi, na kwa kuwa mimea ya bustani imechanganywa damu mara nyingi, si rahisi kujua uliyo nayo imerithi nini. Matawi yaliyonyauka usiyaache yakilala karibu na zizi. Yakatekate uyatupe katika shimo la mboji, uyafunike kwa udongo, na shimo lenyewe liwe na uzio ambao mbuzi hawezi kuuruka.